Mwali wa Mpira wa Pete

Hapa Mikumi mtu akitaka kuchangamsha kijiwe, anasimulia habari ya Bibiana na mafuta ya nyonyo. Nimeisikia kwa madereva wa malori wasiomjua hata sura, nimeisikia gesti, nimeisikia mpaka Kilosa mjini nilikokwenda msibani. Kila anayeisimulia anaitia chumvi yake, na wote wanaikatisha mahali pamoja, pale watu wanapoangua kicheko. Inaniudhi. Mimi nilikuwepo, na wala sikuwepo kama mtazamaji. Kwa hiyo nitaisimulia mwenyewe mpaka mwisho.

Bibiana ni jirani yangu wa meza. Mimi nauza chai na maandazi, yeye anachoma mahindi, pale malori ya Iringa yanapopumzika. Yeye ni mtu wa milimani, Mwanglikana wa kwaya. Mimi ni mtoto wa Chanzuru, Mwislamu wa bondeni, na watu huniita Mama Yusrah kwa jina la binti yangu. Tunataniana tangu majiko yanapowashwa mpaka yanapozimwa. Yeye husema sisi wa bondeni tumezaliwa tumekaa. Mimi humwambia wao wa mlimani hutembea wameinama hata barabara ikiwa sawa. Mume wake alikwenda zake Tunduma na lori la watu, hakurudi, nasi hatumtaji. Binti yao, Brightness, amelelewa na moshi wa mahindi tu.

Ukimwambia Bibiana kwamba jambo haliwezekani, umemharakisha kulifanya. Siku moja nyani dume alikwapua hindi jikoni kwake. Bibiana alimkimbiza na kijinga cha moto mpaka ng'ambo ya barabara, malori yakimpigia honi, akarudi na hindi lake, akalipangusa, akalirudisha motoni. Kuna dereva alilinunua. Nadhani aliogopa kukataa.

Brightness na Yusrah wangu wanacheza timu moja ya mpira wa pete. Yusrah ni mlinzi kwa sababu ni mrefu na hapendi kukimbia. Brightness ni senta, na senta ndiye anayekimbia kuliko wote: mpira unaanzia kwake, unapita kwake, na ukipotea lawama ni zake. Alikuwa mwepesi huyo mtoto. Ulikuwa ukimwona kapokea mpira huku, ukipepesa macho kesha­utoa kule na yeye mwenyewe yuko mbele akiusubiri tena. Bibiana alikuwa akifunga meza mapema kila siku ya mechi, akija uwanjani na harufu yake ya mahindi, akimwelekeza refa kazi.

Wasichana walipomaliza kidato cha nne na matokeo yakatoka, kocha wao alituita wazazi kwenye baraza la shule. Kocha ni Mwalimu Agatha, mwanamke mwembamba asiyepaka maneno sukari. Alituambia kuna bwana mmoja anaitwa Melkizedek, wa chuo fulani cha Morogoro, anazunguka wilayani kutafuta mchezaji. Atakayechaguliwa atasomeshwa bure na kuichezea timu ya chuo. Atakuja kututazama siku tutakapocheza na Mvumi.

Wazazi wakapiga makofi. Bonifas, baba wa mfungaji wetu, akasimama na kutoa shukrani kana kwamba binti yake ameshavaa joho.

"Kaa kwanza, baba," Mwalimu Agatha akamwambia. "Nafasi ni moja. Si moja ya Mikumi, ni moja ya mkoa mzima. Na huyo bwana anaweza kuwa ameshampata anayemtaka hata kabla hajafika hapa. Mabinti wengi hapa matokeo yao yanatosha kuomba chuo kwa njia ya kawaida. Ombeni, wazazi. Mpira uwe wa kuongezea."

"Kwa hiyo unatuombea tukose?" Bibiana akauliza.

"Nawaombea msije mkalia, mama."

"Basi usituombee. Wangu atachukuliwa."

Brightness alitaka kusomea mifugo. Alikuwa akizungumza na wafugaji waliokuja kununua mahindi, akiwauliza habari za ndama wao kama mtu anayeuliza habari za shangazi yake. Chuo cha mifugo kilikuwa kinapokea maombi wakati ule ule, na alama alikuwa nazo. Nilimwambia Bibiana waombe. Akanijibu kwamba akimwombea mtoto kwingine, atakuwa amemwambia kwamba hamwamini. Nikanyamaza, kwa sababu chai yangu ilikuwa inachemka na yeye pia alikuwa anachemka.

Sasa hapa ndipo anapoingia mjomba. Kwao mlimani mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama. Kaka wa Bibiana ni Mjomba Samwel, mzee wa kanisa, mtu wa koti la suti hata jua likiwaka. Miaka yote alikuwa anadai Brightness awekwe ndani kama mabinti wengine, afundwe, kisha atolewe kama mwali, na miaka yote Bibiana alikuwa anampiga chenga. Sasa alikuwa na neno jipya. Kulikuwa na familia huko juu inamuulizia Brightness.

Bibiana akapanda mlimani kuzungumza naye, na aliporudi alikuwa anang'aa. Wamekubaliana, akaniambia. Atamweka Brightness ndani hapa hapa Mikumi, wiki chache kabla ya mgeni kuja. Mgeni akimchagua, Mjomba atamtoa mwali wake kwa heshima na kumruhusu aende chuo.

"Na asipomchagua?" nikauliza.

"Anapanda naye mlimani, akaolewe."

"Ukakubali?"

"Kwani atakosaje? Mama Yusrah, fikiri. Mgeni anakuja kutazama mabinti. Wenzake watatoka wamepauka, wamechubuka magoti, jua limewala. Wangu atatoka amenenepa, ana ngozi laini, anang'aa. Nani hatamwona?"

Msimcheke. Bibiana alijua njia moja tu ambayo binti hutazamwa na wageni na kuchaguliwa, na alimwandaa mtoto wake kwa njia hiyo, kwa bidii yote aliyokuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha nyingine. Mimi mwenyewe nilipomsikia, niliona ana hoja. Ndiyo maana aliponiomba niwe somo, yaani yule mama anayemfunda mwali na kukaa naye, nilikubali, kwa sababu dada zake wako mbali na mimi huko Chanzuru nimeshafunda mabinti kadhaa.

Basi Brightness akawekwa ndani. Asubuhi uji wa karanga, mchana wali na kuku, jioni maziwa ya wafugaji, na katikati ya hapo ndizi. Hatoki, hafanyi kazi, halioni jua. Mimi nikimfundisha mambo ya utu uzima na kumwambia azungumze taratibu, Bibiana akimpaka mafuta ya nyonyo toka utosini mpaka vidole vya miguu. Siku za mwanzo Brightness alifurahi, alilala kama mtoto mchanga. Kisha miguu ikaanza kumwasha. Tukiwa mezani tulikuwa tunaambiwa na majirani kwamba nyumba inatikisika: mtoto anaruka ruka chumbani. Bibiana akaenda akamkalisha.

"Mama, nitakuwa mzito," nilimsikia akisema.

"Utakuwa binti wa watu. Kunywa uji."

Mwalimu Agatha alipoona hamuoni mazoezini akaja nyumbani. Bibiana alimkuta mlangoni, akasimama hapo hapo kizingitini na mikono kiunoni.

"Mama Brightness, nasikia unamlisha kama anaolewa," Mwalimu akasema. "Yule ni senta. Anahitaji pumzi."

"Pumzi anayo, hajafa. Wageni wakija kutazama binti, binti huandaliwa. Wewe kwenu mlitolewa mmekonda?"

"Mimi kwetu sikutolewa, nilipelekwa bweni."

"Pole sana," Bibiana akasema, akafunga mlango.

Siku ya mechi tulimfunika Brightness khanga kichwani, tukampeleka uwanjani katikati yetu kama anayepelekwa hospitali, maana mwali ambaye hajatolewa hatakiwi kuonekana ovyo. Mjomba Samwel alikuwa ameshuka na koti lake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti alicholetewa na shule, karibu na yule Melkizedek, kijana wa kofia na filimbi shingoni. Wa Mvumi walikuwa wanapasha misuli. Brightness alipofunuliwa khanga, uwanja mzima ulisema "Ooh!" Bibiana akanigusa kiwiko. Kweli mtoto alikuwa anang'aa. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, sketi ya timu imembana, ngozi inawaka kama sufuria jipya. Mwalimu Agatha aliweka mkono usoni.

Filimbi ikalia. Brightness akapokea mpira wa kwanza, ukamchomoka mikononi kama sabuni. Akaufuata, akaudaka, ukachomoka tena. Yale mafuta! Bibiana alikuwa ameongeza tena asubuhi ile, ili aonekane kutoka mbali. Kicheko kikaanzia upande wa Mvumi, kikazunguka mpaka kwetu. Wa Mvumi wakawa wanauokota tu, wanafunga. Katika robo ya pili pumzi ikamwishia mtoto. Alikuwa ameinama, mikono magotini, jasho na mafuta vinamtiririka pamoja, na vijana wa bodaboda wakaanza kumwimbia wimbo wa mwali. Bonifas alipiga kelele atolewe, anamharibia binti yake.

Niligeuka kumtazama Bibiana. Nilidhani ataondoka. Mimi ningeondoka. Yeye alikuwa amesimama wima, meno yameumana, machozi yanashuka na hayafuti.

"Brightness, njoo upumzike!" Mwalimu Agatha akaita.

"Sitoki!"

Na hakusema taratibu kama nilivyomfundisha. Alisema kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha akapiga magoti, akachota mchanga wa uwanja kwa viganja viwili, akajipaka: mikononi, kwenye mapaja, kwenye shingo, mpaka ule mng'ao wote ukawa udongo mwekundu. Akasimama, akaomba mpira.

Sitawadanganya kwamba tulishinda. Tulifungwa, tena vibaya. Lakini mpira haukumchomoka tena. Na kwa kuwa hakuweza kukimbia, aliacha kukimbia, akawa anasimama pale mpira utakapofika na kuwapangia wenzake kwa mdomo: Yusrah nyuma, Joyce zunguka, ngoja, sasa! Wale wa bodaboda walinyamaza mmoja mmoja. Robo ya mwisho peke yake, mabao yetu na ya Mvumi yalilingana, na hilo hakuna anayelisimulia gesti.

Mechi ilipoisha, Bibiana alimwendea Melkizedek kabla hata hajainuka. Nilimfuata, kwa sababu sikujua atafanya nini.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema mbele ya watu wote. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, kabla wala baada. "Mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyempaka mafuta. Huyo uliyemwona siye mwanangu. Rudi baada ya mwezi umtazame tena. Nakuomba."

Yule kijana akavua kofia. Nampa haki yake, alikuwa na adabu.

"Mama, shikamoo. Binti yako ana akili ya mchezo, nimeona. Lakini hata angekimbia kama swala nisingemchukua. Senta ninao watatu pale chuoni. Nimetumwa mfungaji mrefu, na yule wa Mvumi nilishamwona kwenye video. Nimekuja kuhakikisha tu."

"Kwa hiyo nafasi haikuwepo?"

"Kwa senta haikuwepo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilimwona Bibiana ule uzito wa lawama unamtoka, na hasira inakaa pale ulipotoka.

"Basi ungesema," akamwambia. "Ungesema tangu mwanzo, sisi wazazi tukajua tunakuja kutazama mpira. Waambie na huko chuoni kwako. Si vizuri kuwaandalisha watu mabinti kwa nafasi ambayo imeshakaliwa."

"Nilimwambia Mwalimu wenu, mama, kwamba nafasi ni moja."

"Alituambia," Bibiana akasema. "Mimi ndiye niliyekataa kusikia. Lakini na wewe ungesema."

Ndipo Mjomba Samwel aliponyanyuka, akafunga kifungo cha koti. Hakuwa na ubaya usoni, nadhani hata alimwonea dada yake huruma. Alisema basi, mpango ni mpango, mtoto avae, gari la mlimani linaondoka jioni. Brightness alikuwa ameshasogea, udongo umemkauka mwilini, akamwangalia mama yake.

"Kaka, ana alama za kuingia chuo cha mifugo," Bibiana akasema. "Maombi hayajafungwa. Mwalimu Agatha aliniambia, sikumsikiliza. Acha niombe."

"Tulikubaliana, Bibiana. Na mtoto ni mwali. Hajatolewa. Mwali ambaye hajatolewa hana la kusema, na wewe huna, yuko mkononi mwangu."

Hapo alikuwa sawa. Ndivyo ilivyo kwao, na hata kwetu bondeni haiko mbali na hivyo. Binti akiwa bado ndani, wakubwa wanamwamulia. Akishatolewa, akabebwa juu, wanawake wakapiga vigelegele watu wakaona, amekuwa mtu mzima: anaulizwa, haamriwi. Na huwezi kumtoa mwali kisha ukamrudisha ndani.

Bibiana akanigeukia. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya nyani.

"Somo," akaniita. Siku zote huniita Mama Yusrah, au mvivu wa bondeni. "Somo, mwali wako ameiva au hajaiva?"

Mjomba Samwel akanitazama na kutikisa kichwa, kwamba nisithubutu. Mimi ni mgeni kwa ukoo ule, Mwislamu wa Chanzuru, na pale mbele yangu alikuwa mzee wa watu niliyetoka kumpa shikamoo. Lakini somo ndiye anayejua mwali amefunzwa au la, na hilo mjomba hawezi kumpokonya. Nilimtazama yule mtoto, udongo kichwa hadi mguu, aliyekataa kutoka uwanjani wakati sisi wazazi wake tulitamani ardhi ipasuke. Nini kingine ningemfundisha?

"Ameiva," nikasema. "Tangu robo ya pili."

"Basi mtoe."

Nikainama mbele ya Brightness nikamwambia panda. Akapanda mabegani kwangu, nikajaribu kunyanyuka, nikashindwa. Wali na kuku wote wale! Nikaanguka goti moja. Somo ndiye hubeba, mama huwa anakaa kando, lakini Bibiana akaja akaingiza bega lake chini ya paja la pili, akanguruma, tukainuka naye wawili, tunayumba kama walevi. Yusrah akapiga kigelegele cha kwanza. Wasichana wa timu wakaitikia, kisha mama zao, kisha, wallahi, wasichana wa Mvumi, maana kigelegele kikianza mwanamke haulizi ni cha nani. Mwalimu Agatha, yule asiyetolewa kwao, alikuwa anapiga filimbi ya mechi kwa mfululizo. Malori yakaanza kuitikia kwa honi.

Mjomba Samwel alisimama katikati ya kelele zile, na watu wote wakimtazama, kwa sababu mwali akitolewa mjomba ndiye wa kwanza kumtunza, yaani kumpa zawadi. Angeweza kuondoka. Aliangalia kulia, aliangalia kushoto. Kisha akafungua vifungo vya koti lake la kanisani, akalivua, akaja akamvisha Brightness juu ya udongo na mafuta yale. Kelele zikazidi.

"Ninyi wanawake," akatwambia sisi wawili, huku chini. Akainua uso. "Haya, mwali. Umetoka. Unataka nini?"

"Nataka kusomea mifugo, mjomba. Tutaomba kesho na Mwalimu Agatha. Na Jumamosi nina mechi." Akavuta pumzi. "Na sasa hivi nataka kushuka, mama anaumia."

"Hashuki!" Bibiana akasema, jasho linamwingia machoni. "Tumpeleke kwanza upande ule waliokuwa wanacheka."

Tukampeleka.